Shamba la Bibi

Wazee wa Liwale, Nachingwea na Ruangwa hawakuona haja ya kuusumbua ulimi kwa jina la Selous. Pori kubwa lililo upande wa magharibi wao waliliita Shamba la Bibi, na mwenyeji wa kusini akilitaja jina hilo haulizwi ni shamba gani wala bibi yupi. Yasimuliwa kwamba Kaisari wa Wajerumani, Wilhelm wa Pili, alimtunukia mkewe pori hilo kwa kukumbuka ndoa yao, kama mume mwengine anavyomtunukia mkewe mkufu. Wanahistoria huihesabu habari hiyo kuwa ni ngano, na huenda wana haki. Hata hivyo ngano yenyewe ina ukali wake. Shamba, kwa anayelijua, ni mahali pa jasho: mtu hufyeka, huchoma, hulima, hupalilia, hulinda, kisha huvuna. Waliolipa pori hilo jina la shamba walijua vyema kwamba mwenyewe hakupata kushika jembe wala kutia mguu ndani yake. Ni shamba la mtu aliye mbali, na zao lake kubwa ni furaha ya macho. Ama jasho la kuliweka limeachiwa watu wasioalikwa kwenye mavuno.

Katika kejeli hiyo limo swali. Je, mtu ana haki ya kustarehe kwa kumtazama mnyama mkali, ikiwa gharama ya kuwapo kwa mnyama huyo inalipwa na mtu mwengine, ambaye mtazamaji hamjui na pengine hataki kumjua?

Swali hilo halianzi porini. Linaanza mbele ya tundu. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, wakulima wa Lindi na Mtwara hukutana katika viwanja vya Ngongo, mjini Lindi, kwa maonesho ya Nane Nane. Watu wa Ruangwa na Nachingwea huja na ufuta, mbaazi na korosho. Katika maonesho ya namna hii nchini, aghalabu banda linalosongamana watu si la mbegu wala la matrekta, bali ni la maliasili, pale anapoletwa simba au chui ndani ya tundu la vyuma. Watoto hupandishwa mabegani. Simba mwenyewe mara nyingi huwa amelala, kichwa juu ya miguu, amechoshwa na joto na zogo, na hawakosekani wanaompigia miluzi ili anyanyuke, kwani wao wamekuja kumwona simba, si kuona ngozi iliyolala.

Amfikirie sasa msomaji mtoto wa mjini aliyesimama mbele ya tundu hilo, na kando yake mkulima wa Ruangwa aliyelala miezi mitatu shambani akilinda mahindi. Wote wawili wanamwelekea mnyama mmoja. Je, wanafanya tendo moja?

Kiswahili hakikuliacha jambo hili bila ya majina. Anayetazama huyapeleka macho yake kwenye kitu, basi. Anayeangalia ana zaidi ya hapo: kuangalia ni kutazama na pia ni kutunza, na neno hilohilo likipigiwa ukelele huwa ni onyo la hatari. Anayeshuhudia amefungwa na alichokiona, kwa kuwa kesho anaweza kuitwa akiseme. Na katika kuona, lugha imezaa kuonea, ambalo lina sura mbili: mtu humwonea mwenziwe huruma, na mtu humwonea mwenziwe tu. Neno moja likiachwa, rehema imegeuka dhuluma. Mtoto wa mjini pale Ngongo anatazama. Mkulima anaangalia, hata kama simba yu ndani ya vyuma, kwa sababu mwili wake umezoea hivyo.

Bustani za wanyama, tukizifuata tokea asili, hazikuanzishwa na waangalizi. Zilianzishwa na wafalme waliotaka kuonesha jinsi mkono wao unavyofika mbali. Pwani hii ilipata sehemu yake katika biashara hiyo ya fahari: mnamo 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa China, akapokewa katika enzi ya Mfalme Yongle kana kwamba ni yule mnyama wa baraka anayetajwa katika vitabu vyao vya kale. Baadaye wafalme walipungua na wafanyabiashara wakashika mahali pao. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck, muuza wanyama wa Hamburg, alifungua bustani huko Stellingen ambamo vyuma viliondolewa na badala yake yakachimbwa mahandaki yasiyoonekana na mgeni. Simba akaonekana kama aliye huru, na ng'ambo yake wanyama anaowala wakaonekana kama wasio na hofu. Ilikuwa hila nzuri, na bustani nyingi za dunia zimeiiga. Lakini Hagenbeck huyohuyo alikwisha kujitajirisha kwa kuleta Ulaya watu wa nchi za mbali na kuwaonesha kwa kiingilio. Na mwaka mmoja kabla, mnamo Septemba 1906, bustani ya Bronx mjini New York ilimweka katika nyumba ya nyani kijana kutoka Kongo aliyeitwa Ota Benga, watu wakaja kwa maelfu kumtazama. Alijiua mwaka 1916. Tundu, basi, halikuwa na haya ya kuchagua. Lilipokea chochote ambacho mwenye ufunguo alikiona ni cha ajabu.

Tanganyika nayo ilichangia. Bustani ya taifa ya Marekani mjini Washington, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1889, ilijaza nafasi zake kwa msafara uliofika nchini 1926 kwa fedha za Walter Chrysler, tajiri wa magari, na kuondoka na wanyama na ndege zaidi ya elfu moja. Na Watanzania walipotaka kuwa na bustani yao, mwaka 1964, kilichaguliwa kisiwa kidogo cha Saanane, jirani na mji wa Mwanza. Wanyama walisafirishwa hadi humo ili wananchi wasio na gari wala nauli ya Serengeti wapate kuwaona. Nia hiyo ilikuwa njema, na ni dhuluma kuibeza. Kisiwa hicho, ambacho mwaka 2013 kilifanywa hifadhi ya taifa, kina jina la Saanane Chawandi, mwenyeji aliyekuwa akilima na kuvua hapo kabla ya kuhamishwa kuwapisha wanyama. Wageni wengi hulitaja jina lake wakidhani ni la jiwe.

Sasa turudi kusini, kwani pori la huko nalo lina mtu wake aliyehamishwa, ila hakupewa hata heshima ya jina.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri za kwanza za kutenga mapori ya wanyama katika koloni la Wajerumani, mojawapo likiwa kando ya mto Rufiji. Miaka tisa baadaye, mnamo Julai 1905, Vita vya Majimaji vilianza katika nchi ya Wamatumbi, vikashuka kwa Wangindo na Wamwera. Boma la Liwale lilianguka mwezi wa Agosti. Wajerumani walipoona kwamba risasi peke yake haimalizi kazi, waligeukia chakula: maghala yakachomwa, mashamba yakaharibiwa, na njaa ikaachiwa kumaliza kilichobaki. Serikali yao ilikiri vifo 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamefikisha hesabu kwenye 250,000 na hata 300,000. Basi mwaka uleule wa 1907, mabibi na mabwana wa Hamburg walipokuwa wakipita mbele ya simba asiye na vyuma, vijiji vizima vya kusini vilikuwa vimebaki majivu, na mahali palipokuwa na mihogo na mtama pakaanza kuota miti. Ndovu, nguruwe na mbung'o hawakuhitaji mwaliko.

Waingereza walipoichukua nchi walilikuta pori limenenepa, wakalipa mwaka 1922 jina la Frederick Selous, mwindaji na askari wao aliyeuawa Beho Beho mwezi Januari 1917. Kisha akaja Liwale afisa wa wanyamapori aitwaye Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kigiriki, ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka. Alikamata nyoka kwa maelfu na kuwapeleka kwenye makumbusho na bustani za dunia. Na pori hilo alilipenda kama wengine wanavyopenda watoto wao. Katika miaka ya 1940, kwa hoja ya kuwakinga watu na malale, Wangindo waliosalia katika sehemu kubwa ya magharibi ya Liwale walihamishwa na kukusanywa pamoja, na mipaka ya hifadhi ikasogezwa juu ya mahame yao. Malale yalikuwapo kweli. Lakini maradhi yale yaliufaa mpango uliokuwapo, na kilichotolewa kuwa ni tiba hakikuwa na siku ya kurudi nyumbani. Alipokufa mwaka 1968, Ionides alizikwa ndani ya pori hilo, jambo ambalo Mngindo aliyezaliwa humo hakuwa na njia ya kuliomba.

Na kwa upande wa Nachingwea, katika miaka hiyohiyo, ikaja kinyume chake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, wakaleta matrekta kung'oa pori, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kupanda hadi Nachingwea. Ardhi haikukubali, mvua haikukubali, na mwaka 1951 mradi ukafa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli nayo haikupita miaka mingi ikang'olewa. Kwa hiyo ndani ya mwongo mmoja watu wa eneo lile, ambalo kwa muda mrefu lilihesabiwa kuwa wilaya moja, waliambiwa mambo mawili. Magharibi, pori ni tukufu hata mtu asikae. Mashariki, pori ni adui, ling'olewe hadi mzizi. Katika hukumu zote mbili hapana aliyemwuliza mwenye jembe.

Neno linalotumika leo ni hifadhi. Ni neno zuri, na wapenzi wa lugha wanajua limetoka wapi: kuhifadhi ni kulinda, na pia ni kuweka moyoni, kama aliyehifadhi Kurani. Hifadhi iliyotimia ingekuwa ni ile inayokumbuka. Ya kusini imelinda miti na wanyama, tena kwa gharama kubwa, na imewasahau watu.

Gharama hiyo haikwisha kulipwa. Mwaka 2005 mtafiti Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha hesabu ya kutisha: tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, na sehemu kubwa ya misiba hiyo ilikuwa kusini mashariki, katika Lindi, Mtwara na Rufiji. Sababu waliyoiona si ujasiri wa simba wala ubaya wa watu. Swala na pundamilia walikuwa wamepungua mashambani, nguruwe mwitu wakabaki. Nguruwe huja usiku kula mazao, na simba huwafuata nguruwe. Na mkulima, wakati wa kukaribia mavuno, huhama nyumbani kwake akalala ndani ya dungu ili kuwafukuza hao nguruwe. Dungu ni kijibanda cha miti na nyasi tu. Pale ndipo watatu hao walipokutana. Simba mmoja wa Rufiji aliyeuawa mwaka 2004, ambaye watu walimbandika jina la Osama na kumhesabia roho zipatazo 35, alikutwa na jipu kubwa kwenye gego. Maumivu ya jino, na vijiji vinane vikalia.

Wapo kusini wanaosema kwamba simba mla watu si simba, bali ametumwa, au ni mtu aliyevaa ngozi. Wasomaji wa Unguja wasiharakishe kucheka, kwani hapa kisiwani chui alisakwa mpaka akatoweka machoni mwa watu, kwa imani kwamba kila chui ana mchawi anayemfuga. Imani hiyo imedhulumu wanyama, na imedhulumu wazee wengi zaidi. Lakini katika kukosea kwake inauliza swali ambalo mgeni mwenye kamera halimpitikii: nani amemtuma? Ukiondoa mchawi, jibu bado lipo. Amemtuma yule aliyechoma maghala mwaka 1905, na yule aliyechora mpaka bila ya kushuka kwenye gari, na yule mlaji wa mjini anayetaka mahindi rahisi yaliyolindwa na mtu asiye na mlango.

Siku hizi kilio cha Nachingwea, Liwale na Ruangwa ni ndovu zaidi kuliko simba. Huja makundi kwa makundi, hula mahindi na mihogo, huangusha mikorosho kwa kutafuta mabibo, na humwua anayekutana nao njiani alfajiri. Serikali ina maneno mawili kwa ajili ya misiba hiyo, na ni maneno yanayostahili kutazamwa na washairi: kifuta jasho, kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi, kwa aliyefiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa roho ya mtu, na kwa ekari moja ya mazao isizidi laki moja. Aliyeyachagua maneno hayo alikuwa mkweli kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa sheria inakataa kuyaita malipo hayo fidia. Fidia hukiri deni. Kitambaa cha kufutia uso hakikiri chochote. Hupewa mtu ambaye jasho lake na machozi yake yametoka kwa amri ya mbingu, kana kwamba hapana aliyeyasababisha.

Hapa atainuka msomaji na kusema: Je, ndovu wauliwe, basi? Ni pingamizi la haki, na halijibiwi kwa hasira. Mwaka 1976 ndovu wa Selous na mapori yaliyoizunguka walikisiwa kufika 110,000. Mwaka 2013 walibaki kiasi cha 13,000. Na hawakumalizwa na mkulima wa Ruangwa na debe lake la kugonga. Waliuawa kwa bunduki, pembe zikashuka pwani, zikapanda meli. Mwezi wa Agosti 2011 pembe zaidi ya elfu moja zilikamatwa bandarini Zanzibar zimefichwa ndani ya shehena ya dagaa, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba sehemu kubwa ya pembe zilizokamatwa duniani katika miaka ile, kwa upande wa ndovu wa mbuga, zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kisiwa hiki, ambacho karne ya kumi na tisa kilijengwa kwa pembe na watumwa waliozibeba, hakina nafasi ya kusimama kando na kumhukumu mtu wa bara.

Bila ya hifadhi, basi, ndovu wangekwisha; hilo ni kweli. Na mtoto anayemtazama simba kwa mshangao hatendi kosa. Mshangao ni mwanzo wa heshima, na heri mtoto huyo kuliko asiyeshangazwa na kitu. Kosa liko katika kumfundisha kwamba anachokiona hakina historia, kwamba pori lilikuwa hivyo tangu kuumbwa, na kwamba mtu mwenye dungu ni mvamizi. Handaki la Hagenbeck lilificha kizuizi ili macho yastarehe, na hifadhi isiyosimulia inafanya vivyo hivyo, isipokuwa kizuizi chake ni muda. Mtazamaji anadaiwa, na sehemu ya kwanza ya deni lake ni kujua. Sehemu ya pili ni fedha: inayopatikana kutokana na macho ya wageni inapaswa ifike kwa mwenye mkorosho ulioangushwa ikiwa na jina lake halisi, ambalo ni fidia. Waheshimiwa watasema bajeti haitoshi. Huenda, lakini bajeti haiwazuii kubadili neno.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, kilomita za mraba 30,893, ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ndege ndogo huondoka Unguja asubuhi na kuwarudisha wageni jioni, wamekwisha kuona viboko, twiga, na kwa bahati simba. Hushukia kaskazini, ukingoni mwa Rufiji. Kusini, upande wa Liwale, ni wachache wanaofika. Angetokea wa kuwapeleka huko, angewaonesha kitu kisichomo katika vitabu vyao vya safari. Mwembe haukuja katika pori la miombo kwa miguu yake. Ulipo mwembe ndani ya pori, palikuwa na mtu aliyekula embe akatupa kokwa uani, na palikuwa na ua. Ifikapo Desemba huiva, na ndovu huja kuokota.